Shati la Bafta

Jumamosi, 9 Januari 1988.
Asubuhi: mawingu mepesi upande wa baharini, kaskazi inavuma tangu alfajiri, vumbi jingi, hakuna dalili ya mvua.

Saumu mwanangu,

Nimeanza barua hii kama ninavyoanza daftari langu kila siku, kwa sababu sijui njia nyingine ya kuanza. Usiku huu wewe umelala chumba cha pili na nasikia kitanda kinavyolia kila ukigeuka. Mara mbili nimeinuka kwenda kutazama kama sanduku lako limefungwa, na mara zote mbili nimelikuta limefungwa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuweka nauli mahali pawili. Hayo tumeyasema wiki nzima, mpaka ukawa unaitikia "ndiyo mama" kabla sijafika mwisho. Nakuandikia kwa ajili ya maneno uliyoyasema juzi Alhamisi ulipokuwa unakunja sketi zako. Ulisema, "Naondoka na basi la Jumapili alfajiri, mama, na usimwambie mtu. Simwagi yeyote. Nikishafika huko chuoni sirudi hapa, na nikifa wanizike huko huko bara."

Nikakuahidi kwamba sitamwambia mtu. Tangu siku ile sijala vizuri.

Najua chuki yako imetoka wapi. Imetoka siku tuliyomzika bibi yako, ulipowasha moto wa kupikia kwenye nyumba yenye msiba kwa sababu hakuna jirani aliyetuletea hata sahani ya wali. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulinitazama siku ile kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu, nami sikukuambia. Nimekaa na jambo hilo mwaka wa nne sasa, na wewe umelijazia sababu mwenyewe: kwamba watu wa hapa ni wabaya, kwamba walinionea kwa kuwa nimesoma na kwa kuwa baba yako alivuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, kisha mpaka wa Kenya ukafungwa na barua zake zikakoma. Hawakunionea, Saumu. Kesho ukipita mbele ya nyumba zao kimya kimya, utakuwa umebeba hasira niliyokutengenezea mimi. Nataka ujue kabla hujapanda basi.

Inabidi nianzie mbali kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne Tanga mjini nikarudi hapa, nilikuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji hiki kuwa na cheti. Watu walinipa kalamu. Kila kikao niliandika mimi. Siku za msaragambo, kijiji kizima kikitoka kuchimba mtaro au kuezeka darasa, wenzangu walishika majembe na makuti, mimi nilikaa kwenye kivuli cha ukuta na orodha, natia alama nani amekuja na nani hakuja. Nilijiona nina kazi kubwa kuliko wote. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta kitu kwenye madaftari ya zamani nikazikuta orodha zile, miaka kumi na moja ya msaragambo, nikazipitia moja moja. Jina langu halimo hata kwenye moja. Wala hakuna aliyewahi kuuliza. Nilikuwa sijaliona mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo ulipofika ule mwaka wa dhiki kubwa, kitu cha kutunzwa kikaletwa kwangu bila mjadala.

Unaikumbuka dhiki, lakini ulikuwa mtoto, unaikumbuka kwa sabuni na sukari. Wakubwa waliikumbuka kwa nguo. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na majembe yasiyo na mipini, basi. Mzee mmoja wa upande wa bondeni alifariki, akazikwa kwa mashuka mawili ya kitanda yaliyounganishwa, moja lina maua ya waridi. Siku ya pili Bi Tatu akapita nyumba kwa nyumba. Bi Tatu unayemjua, muosha maiti mkubwa wa hapa. Akasema kila nyumba itoe ilicho nacho, nazi au kuku au machungwa, apewe kijana mmoja aliyekuwa anajua njia za porini kule mpakani Horohoro, avuke akatafute bafta upande wa pili, kile kitambaa cheupe cha sanda.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili amejizungushia bafta mwilini chini ya shati, mpaka akawa na tumbo. Watu walimcheka.

"Mwenzetu umenenepa. Mombasa kuna nini?"

"Nimevaa sanda ya nyanya yako," akawajibu. "Njoo univue."

Tukakata vipande. Mwanaume anavishwa vitatu, mwanamke vitano, hilo unalijua tangu madrasa. Vikawekwa kwenye sanduku langu la bati, kufuli moja, ufunguo mmoja, chini ya kitanda changu. Na mimi kwa tabia yangu ya kupanga vitu nikatia kila kipande alama kwenye pembe, mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu, ili visije vikabadilishwa na nguo nyingine. Hakuna aliyeniomba nitie alama. Bi Tatu alinitazama nikishona akasema, "Mama Saumu, na maiti nao utawapa namba?" Tukacheka wote.

Wakafa watu. Desemba ya mwaka 1982 sandukuni vilikuwa vimebaki vipande vitano, sanda ya mwanamke mmoja.

Mwezi ule ule likaja jina lako. Ulichaguliwa kwenda sekondari, msichana mmoja tu shule nzima, na karatasi ya shule ilisema shati jeupe. Nilitafuta, mwanangu. Nilikwenda Muheza nikaenda Tanga, nikasimama kwenye foleni ambayo watu wake hawakujua kinachouzwa. Nikaambiwa kuna mtu Pongwe ana kitambaa, nikaenda, nikakuta ana pazia. Shule inafunguliwa siku kumi na tisa zijazo, na chini ya kitanda changu kuna bafta nyeupe imekunjwa.

Nimelifungua daftari la mwezi ule sasa hivi, liko hapa mkononi. Limeandikwa: "14 Desemba. Jua kali, upepo mchache. Nimekata." Sikuandika nimekata nini.

Nilichukua vipande viwili. Bafta ni nyepesi, na wewe ulikuwa umeshaanza kuwa msichana mkubwa, ikabidi kifua na mgongo nishone kwa kukunja mara mbili. Nilishona kwa mkono, mlango umefungwa, mchana wa saa nane watu wamelala. Nilijiambia hakuna mgonjwa kijijini. Nilijiambia yule kijana atavuka tena Januari na vipande viwili vitarudi mahali pake kabla mtu hajajua. Ulipolivaa ulizunguka uwani mara tatu na bibi yako akapiga vigelegele. Mimi pia nilifurahi. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa na huzuni siku ile. Nilifurahi sana.

Kijana hakuvuka. Ulianza ule msako wa walanguzi, watu wakawa wanafukia sukari mashambani kwa kuogopa kukamatwa, naye akatoroka na hakuonekana kwa miezi. Mwezi wa nne, masika yameshika, Bi Mwanahawa akafariki.

Yule ndiye mkunga aliyekupokea. Mikono ya kwanza kukugusa wewe duniani ni ya kwake, na nilikuwa na deni lake la kanga moja ya ukunga ambayo hakunidai hata siku moja.

Bi Tatu akaja amelowa, anataka sanda. Nikalivuta sanduku, nikafungua, nikatoa vitatu.

"Viwili viko wapi?"

"Panya," nikasema.

"Panya?"

"Walivitafuna. Nikavichoma."

Akaligonga sanduku kwa kidole, likalia. "Panya huyu ana meno ya nini, ya nondo?"

"Nilikuwa nimevitoa kuvianika."

Akanitazama. Alichukua vile vitatu akaenda navyo, na kule msibani akalitoa shuka lake jeupe la kuswalia, akalichana, likatimiza vilivyopungua. Mwalimu wa msikiti akasema hata kimoja kingetosha, Mungu hatazami idadi. Wanawake waliitikia amin. Lakini mimi niliona Bi Tatu amerudi kwake bila shuka, na mwaka ule hapakuwa na mahali pa kupata jingine. Aliswali na kanga iliyotoboka mpaka Mfungo Mosi.

Jioni nikaandika daftarini: "Mvua kutwa. Bi Mwanahawa amefariki. Panya wameharibu vipande viwili vya sanda." Daftari hili halisomwi na mtu, Saumu, nimelifungia miaka yote. Bado nililidanganya.

Nimeinuka tena. Nimetoka nje nikarudi, upepo unapiga bati la jikoni na nilidhani kuna mtu. Hakuna mtu.

Mwezi wa sita ukarudi likizo. Ulifua shati lako ukalianika, na Bi Tatu akapita kuazima kinu. Nilimwona dirishani anasimama kwenye kamba. Alishika upindo wa shati, akaugeuza. Ndani ya upindo ilikuwepo mishono mitatu myekundu. Nilikuwa nimeisahau. Mimi mwenyewe niliyeitia, kwa utaratibu wangu, nikaikunja ndani ya upindo bila kuiona.

Akaingia ndani. "Shati la Saumu nani kashona?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri," akasema, akachukua kinu akaenda zake.

Hakukuwa na kikao. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ila tangu wiki ile jina langu likawa Panya. Walianza watani kwenye msiba mmoja. Mtu akinisogelea anasema, "Kazeni mifuniko, mwenyewe kaja," watu wanacheka na mimi nacheka nao. Wewe uliligombea jina hilo kisimani, ukamrarua mtoto wa watu kanga. Ulidhani wananiita hivyo kwa ajili ya meno yangu ya mbele. Nilikuchapa kwa ugomvi, na sikukuambia kwamba meno hayahusiki. Katika yote ninayoyajutia, fimbo zile mbili zimo.

Sasa siku ya bibi yako, Agosti mwaka uliofuata.

Bi Tatu alikuja wa kwanza. Amebeba vipande vya bafta vilivyokunjwa, kwa kuwa mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa na nguo zimeanza kupenya. Akaviweka mapajani kwangu mbele ya wanawake wote. "Vitano," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu. Wewe ulikuwepo, umekaa karibu na mlango. Ulidhani ni desturi.

Walimuosha mama yangu vizuri, hakuna kilichopunguzwa, wanaume wakabeba jeneza wakazika. Kuzika ni haki ya maiti na hawakuinyima. Kisha wakaondoka. Jua likateremka. Unajua mwenyewe nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu, kula ni kwa majirani, na tangu nimezaliwa sijawahi kuona nyumba ya hapa ikaachwa. Tulikaa na mikeka iliyotandikwa, haina watu. Baada ya magharibi ukainuka, ukaenda jikoni, na nikauona moshi unatoka juu ya paa letu. Ukaniletea mihogo ya kuchemsha. Uliniambia, "Kula mama, hawa si watu." Nilikula. Hapo ndipo ningesema, na nilikuwa na mdomo umejaa mihogo.

Unaona sasa kwa nini hukumu yako ya Alhamisi imeninyima usingizi.

Nilingoja miaka miwili mingine. Nilingoja niweze kulipa, nikiamini kwamba jambo lenyewe ni nguo. Mwaka juzi maduka ya Tanga yalikuwa yamejaa, mitumba imerundikwa chini kama mboga, bafta majora kwa majora. Nikauza machungwa ya msimu mzima, nikanunua jora zima, nikalibeba kichwani mpaka kwa Bi Tatu. Alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Bafta."

Akaacha kusuka. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa bafta ya nini mchana huu?"

"Ni ile."

"Ile ipi?"

"Ile niliyokata."

Akarudia kusuka. Vidole vyake havikusimama tena mpaka tulipomaliza. "Kumbe panya ana mikono," akasema.

"Nilimshonea Saumu shati la shule."

"Shati nililishika. Mishono yako naijua, hata marehemu wangu huyu asiyeona angeijua." Alikuwa anamsema mumewe, haoni tangu zamani. Mumewe akakohoa ndani kuonyesha kwamba hajawa marehemu.

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tukuulize nini? Mwenye kalamu ni wewe. Tulingoja uandike." Kisha akasema taratibu, "Ungekuja hapa ukasema jamani, mtoto kachaguliwa, hana shati. Mjukuu wangu mwaka ule alikwenda darasani na gauni la gunia la unga wa msaada, maandishi hayakutoka mgongoni, watoto wakawa wanamsoma. Nani hapa asingejua shida ya shati?"

Nikamwuliza kama wangenipa. Akafikiri. "Labda tungegombana," akasema. "Labda tungekunyima. Lakini tungekunyima sisi."

Sijui kama umenielewa hapo. Mimi ilinichukua muda.

Nikamwambia na lililokuwa linaniuma mimi. Nikasema, lakini mtoto alikuwa na kosa gani, mmemfanya msichana wa miaka kumi na sita awashe moto siku ya bibi yake. Nilikuwa nimejiandaa anijibu kwa ukali. Akaweka ukili chini.

"Moshi ule tuliuona wote," akasema. "Wali ulikuwa umeshaiva kwangu, nimeufunika kwa kawa. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake atangulie. Hakuna aliyetangulia, na kwangu hapa hakuna aliyekula. Hilo tumekosa. Mwambie Saumu tumekosa."

Alinituma ujumbe, na sikuuleta. Kuuleta kungenilazimu nikueleze kosa lao lilitokana na nini. Nimeuweka miezi kumi na minane. Leo nakufikishia.

Lile jora hakulipokea. "Rudisha dukani au shona mapazia. Siku hizi bafta inauzwa hata Pongwe, karibu na spoku za baiskeli. Ukitaka jambo la kufanya, akifa mtu njoo tuoshe."

Ndiyo sababu, basi. Uliporudi kutoka shule ukaambiwa mama yako ameanza kuosha maiti, ukalia, ukasema wamenidhalilisha, wamempa aliyesoma kazi ambayo hakuna anayeitaka. Ni kweli hakuna anayeitaka. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya choo, na Bi Tatu akaniambia niache kuhema kwa mdomo. Nilikuwa sijui kumgeuza mtu. Sijui maji yanamwagwa kuanzia wapi. Mwanamke ambaye miaka yote nilimtia alama ya kutokuja alinishika kiwiko akanionyesha. Na wakati mikono imelowa huwezi kuandika chochote. Tukimaliza tunakaa nyuma ya nyumba tunakunywa chai ya tangawizi, na pale ndipo nimecheka kuliko mahali popote maishani mwangu. Bado wananiita Panya. Wiki iliyopita mmoja alisema nikifa mimi watanizika na kipande cha jibini, akaulizwa jibini ni nini, akasema hajui, aliliona kwenye kitabu cha mjukuu wake.

Sisemi hawana ubaya. Wana umbea, na wakishika jambo hawaliachi. Wala sisemi kijiji ni kile cha zamani. Sasa kila nyumba ina bafta yake kabatini, na wa kuteka maji ya kuoshea tunawatafuta kwa kuita. Waoshaji tumebaki watatu, wa katikati kwa umri ni mimi. Kama nguo ndiyo ingekuwa inatuunganisha, tungekuwa tumeungana sana mwaka huu. Nalifikiria jambo hili nikiwa nalima, na sijapata jibu. Wewe unakwenda kusomea ualimu, pengine utalipata.

Nimebakiwa na mambo mawili, na usingizi umeanza kunijia vibaya, wa kichwa kuuma.

La kwanza ni hilo sanduku la bati ulilofungia nguo zako. Ndilo lile la sanda. Baada ya yale ya Bi Mwanahawa walilihamishia kwa Bi Tatu na sikulidai. Jumatatu iliyopita amelileta mwenyewe, analiburuta mchangani, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Alisema, "Mpe mtoto. Sanda siku hizi zinalala dukani." Ulidhani nimelinunua kwa fundi Muheza, nami nikaacha udhani.

La pili ni jana. Bi Tatu alinikuta kisimani akaniuliza, "Mtoto anaondoka lini? Nataka kumkaangia vitumbua vya njiani." Nikakumbuka ahadi yangu kwako. Nikamwambia, "Jumatatu."

Akasema, "Basi nitaroweka mchele Jumapili jioni."

Saumu, nilirudi nyumbani na ndoo nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, kwa sababu nilikwenda mbio na maji yanamwagika. Ni mtu yule yule niliyemdanganya. Ni mimi yule yule. Jumapili jioni ataroweka mchele wa mtu aliyekwisha kuondoka, na Jumatatu alfajiri atabisha hodi na vitumbua vya moto, nami nitafungua mlango niseme nini? Panya?

Kwa hiyo ahadi yangu naivunja, na nakuambia kabla sijaivunja, ili angalau safari hii aliyehusika awe wa kwanza kujua. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, huwezi kuvaa bila kuishika. Saa kumi nitakuamsha, na wewe ukiwa unasoma nitakwenda kubisha kwa Bi Tatu nimwambie kwamba nilimdanganya, si Jumatatu, ni leo. Hatakuwa amekaanga kitu. Atakuja na kanga ya kulalia, na pengine atakuwa na hasira, na wengine watasikia watatoka.

Ukitaka kupita bila kuwapa mkono, pita. Sitakulaumu na wao nitawaambia wasikulaumu, moto ule uliuwasha wewe. Lakini utakuwa umewapita ukiwajua.

Nimelichukua daftari la mwaka 1983. Nimekata mstari kwenye neno "panya" na juu yake nimeandika "mimi". Wino ni tofauti na ule wa zamani, inaonekana wazi. Sawa tu.

Kaskazi imetulia kidogo. Kitanda chako hakilii tena.

Mama yako.

Saa nane na dakika arobaini usiku. Najilaza.